Aliyeua na Muuaji: Sarufi ya Anwani Moja ya Ben R. Mtobwa



Katika miaka ya 1980, nilipokuwa mwalimu kijana, nilirudi likizo kwetu Heru Juu, katika nyanda za juu za Kasulu, nikiwa na riwaya ya Ben R. Mtobwa mkobani. Anwani yake ni Najisikia Kuua Tena. Baba yangu mdogo, aliyejifunza Kiswahili ukubwani baada ya Kiha, alisoma jalada polepole, kisha akauliza: “Anataka kumwua nani?” Nilicheka. Sikutambua kwamba mzee alikuwa ameuliza swali la sarufi, na kwamba swali hilo ndilo nitakalolishughulikia leo.

Mtobwa (1958–2008), mzaliwa wa mkoa wetu wa Kigoma, aliandika kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni, iliyoanza mwaka 1994. Vijitabu vyake, na hasa vile vya mpelelezi Joram Kiango, vilifanya kazi inayofanywa sasa na tamthilia za upelelezi: msomaji alimfuata shujaa yuleyule kutoka kisa hadi kisa. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alikuwa ametuzoeza kuuliza nani kaua. Anwani ya Mtobwa haituachii swali hilo, kwa kuwa muuaji mwenyewe ndiye anayesema. Linalobaki ni kujua ni nini kilichomfanya awe hivyo.

Tuitazame anwani yenyewe. Neno tena linadai kwamba tendo lilikwisha kutendwa. Msemaji halikiri wala halikani, analichukulia kuwa jambo linalojulikana. Najisikia lina uzito zaidi. Wako wanaolalamika kwamba kujisikia kufanya jambo ni Kiingereza kilichovalishwa kanga, na huenda wana haki. Lakini kujisikia kwa Kiswahili cha siku zote ni pia kujivuna, kujiona. Basi hamu na majivuno vimekaa katika kitenzi kimoja, na sijui neno jingine ambalo lingevibeba vyote viwili.

Lililomshtua baba mdogo, hata hivyo, lilikuwa kuua. Kitenzi hiki huhitaji yambwa, na yambwa ikiwa ni mtu anayejulikana, Kiswahili humpa kiambishi chake: amemwua jirani. Kweli, husemwa pia ameua mtu, lakini hapo mtu huyo hana uso. Mtobwa ameondoa kiambishi na nomino pia. Hakuna jirani, hakuna adui, hakuna mtu. Limebaki tendo na ladha yake. Mwenye kisasi angesema kumwua. Anayesema kuua tu hana ugomvi na yeyote, na kwa sababu hiyo anatisha zaidi.

Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, kinalisema jambo hili kwa mofolojia. Mwuaji huitwa umwicanyi, na ndani ya neno hilo mna -an-, kiambishi tunachokijua katika pigana na pendana. Katika Kirundi kiambishi hicho chaweza pia kuonyesha tendo linaloelekezwa kwa watu kwa jumla, bila kumtaja yeyote.

Kiswahili kinatumia -ji, ambacho wanasarufi tangu Ashton (1944) wamekihusisha na mazoea. Si kila aliyeimba harusini ni mwimbaji. Kanuni hii ina mianya, kwani mchangiaji wa harusi hiyohiyo huenda alichangia mara moja tu maishani. Hata hivyo, muuaji ni neno linalomhama mtu kutoka alilotenda hadi alivyo.

Kijijini kwetu alikuwako mtu aliyempiga mwenzake katika ugomvi wa pombe ya ndizi, na mwenzake akafa. Alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, akatumikia kifungo, akarudi kulima. Sisi watoto tulimwita muuaji, naye alisikia. Wazee walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, na wakimzungumzia walisema “yule aliyeua”. Kirejeshi hicho -ye- kilimwachia nafasi ya kuwa mtu wa mambo mengine pia.

Sheria inafanana na wazee kwa sehemu tu. Kanuni ya Adhabu inatenganisha kuua kwa nia ovu na kuua bila kukusudia, na aliyeghadhibishwa ghafla yaweza kumshusha kutoka kosa la kwanza hadi la pili. Ila ikithibitika kwamba nia ovu ilikuwapo, kifungu cha 197 kimeweka adhabu moja tu, kifo. Historia ya mtu haina tena pa kusemewa. Mwezi Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri dhidi ya Tanzania kwamba adhabu ya kifo ya lazima, isiyompa jaji uhuru wa kupima, inakiuka haki ya kuishi.

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Wanafunzi wangu kadhaa wamo katika kazi ya tafsiri. Wanapofika penye neno hili, nawaomba wasite, wamtazame mtu anayetajwa yuko hatua gani: ameshukiwa, ameshtakiwa, au ametiwa hatiani. Magazeti yetu huandika muuaji siku ya kukamatwa.