Maelezo Kuhusu Hifadhi ya Mbawakavu wa Fedha na Vidimbwi Anamoishi

Miongoni mwa wadudu wa majini wa kisiwa cha Uingereza, yumo mmoja ambaye watu wengi hawajapata kumwona, ijapokuwa huenda anaishi katika kidimbwi kilichomo malishoni mwao. Mdudu huyo ni mbawakavu mdogo wa fedha, ambaye wataalamu humwita Hydrochara caraboides. Maelezo haya yanakusudia kufahamisha ni kiumbe wa namna gani, nini kilichomfanya awe adimu, na kwa nini sheria peke yake haitoshi kumnusuru.

Umbile na maisha yake

Mbawakavu huyu ni mweusi wa kung'aa, na urefu wake hauzidi milimita 20. Anaitwa mdogo kwa kuwa anaye jamaa yake mkubwa, afikaye karibu milimita 50. Jina la fedha halitokani na rangi ya mgongo wake, bali na hewa. Anapozama, huchukua tabaka la hewa lililoshikwa na vinyweleo vya tumboni, na hewa hiyo ikionekana ndani ya maji hung'aa mithili ya fedha. Ikipungua, hupanda juu na kuvuta nyingine kwa vipapasio vyake.

Jike hutaga mayai ndani ya kifuko anachokisokota mwenyewe kwa nyuzi mfano wa hariri. Kifuko hicho huelea juu ya maji kama kijahazi, kikiwa na kijiti kilichosimama mfano wa mlingoti. Mabuu yanayoanguliwa ni wawindaji, nayo hula viumbe wadogo wa majini. Yakishakua hutoka majini na kujichimbia katika udongo wenye unyevu ukingoni, na humo ndimo yanamogeuka kuwa wadudu kamili. Mbawakavu aliyekomaa hula zaidi mimea na mabaki yake.

Kutokana na hayo inadhihirika kwamba mdudu huyu anahitaji mambo matatu kwa pamoja: maji yaliyotulia, mimea mingi inayoelea, na ukingo laini usiokauka. Likikosekana moja, uzazi wake hukatika.

Sababu za kuadimika

Hapo zamani mbawakavu huyu alienea katika ardhioevu za mashariki na kusini ya England. Kadiri mabwawa yalivyokaushwa kwa ajili ya kilimo, ndivyo makao yake yalivyopungua, hata ikafika wakati akajulikana katika bonde la Somerset tu, kusini-magharibi ya nchi, ambako huishi katika mifereji inayotenganisha malisho. Huko nako uchimbaji wa mboji na uteremshaji wa maji kwa pampu uliathiri sehemu kubwa ya bonde.

Mwaka 1990 aligunduliwa katika jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi ya England, na baadaye akaonekana pia kaskazini-mashariki ya Wales. Jambo la kuzingatia ni kwamba vidimbwi alimokutwa havikuwa vya asili. Ni mashimo yaliyochimbwa na wakulima wa karne zilizopita, waliokuwa wakitafuta udongo wenye chokaa wa kurutubishia mashamba yao. Zilipokuja mbolea za viwandani, mashimo hayo yaliachwa, yakajaa maji ya mvua, na ng'ombe wakawa wanakuja kunywa. Hivyo kazi ya mikono ya wakulima ikawa kimbilio la kiumbe aliyefukuzwa kwingineko.

Hata hivyo, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maji ya bomba yaliwafikia mifugo malishoni, na kidimbwi kikaonekana hakina faida tena. Vingi vilifukiwa ili kupanua mashamba.

Ulinzi wa sheria na mipaka yake

Katika miaka ya 1990 jina la mbawakavu huyu liliingizwa katika orodha ya wanyama wanaolindwa chini ya Sheria ya Wanyamapori na Mashamba ya mwaka 1981. Kwa mujibu wa sheria hiyo ni kosa kumuua au kumkamata kwa makusudi. Aidha, sehemu ya bonde la Somerset iliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu ardhioevu. Tanzania nayo ilijiunga na mkataba huo mwaka 2000.

Lakini yafaa ieleweke kwamba sheria humzuia mtu kutenda, wala haimlazimishi kidimbwi kukitunza. Kidimbwi kilichoachwa bila kushughulikiwa hufa polepole bila ya mtu yeyote kuvunja sheria. Miti huota ukingoni na kuziba jua, majani huanguka na kujaza shimo, tope hupanda, na mwishowe maji hutoweka. Mbolea inayotiririka kutoka mashambani nayo huchafua maji, na samaki wanaopandikizwa hula mabuu.

Wajibu wa wenye ardhi

Kwa hiyo hifadhi ya mbawakavu huyu imo zaidi mikononi mwa mkulima kuliko mahakamani. Inafaa miti ya ukingoni, hasa upande wa kusini unaoleta jua, ipunguzwe. Ng'ombe wachache waruhusiwe kufika majini, kwani kwato zao huzuia vichaka visifunge ukingo. Kazi ya kuzoa tope na magugu ifanywe wakati wa vuli na baridi, wala kidimbwi kizima kisisafishwe kwa mara moja, ili viumbe waliomo wapate pa kukimbilia. Mifereji nayo isafishwe kwa zamu, upande mmoja kwanza na mwingine miaka ya baadaye. Isitoshe, inapasa vidimbwi viwe vingi na karibu karibu, kwa sababu mbawakavu huyu huruka, na kimoja kikiharibika ataweza kuhamia kingine.

Wapo watakaouliza ni faida gani inayopatikana kwa kumtunza mdudu asiyefika hata urefu wa kidole. Jawabu ni kwamba hawezi kutunzwa peke yake. Palipo na kidimbwi kinachomfaa, vyura, kereng'ende na mimea ya majini nao hupata makao. Shimo lililochimbwa na mababu kwa jembe laweza kufukiwa kwa siku moja, lakini wakazi wake wakishatoweka, kulichimba upya si kuwarejesha.