Kodi ya Mbezi Huhesabiwa Kuanzia Lami

Mbezi Luis iko kilomita ishirini na ushei kutoka Posta, katikati ya Dar es Salaam, ukiifuata Barabara ya Morogoro. Mtu wa kipato cha kawaida bado hupata huko chumba chenye choo ndani, kile ambacho madalali hukiita "masta", kwa kodi ambayo Sinza ingempa chumba kitupu na choo cha kuchangia uani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kariakoo na Magomeni zilikuwa zimejaa zamani, kwa hiyo wageni wengi waliishia pembezoni: Mbagala, Chanika, Bunju, na huku Mbezi, Msigani na Kibamba.

Sehemu kubwa ya Mbezi ilikuwa mashamba ya mikorosho, miembe na mihogo. Wenye mashamba waliuza kipande baada ya kipande, mara nyingi kwa kupima kwa hatua za miguu, na mnunuzi akaanza kujenga kwa kadiri fedha zilivyopatikana. Barabara za mitaa hazikuwa kwenye hesabu za muuzaji wala za mnunuzi, ndiyo maana njia nyingi hujipinda kati ya kuta mbili na kuishia kwenye geti la mtu. Nyumba nazo zina historia hiyohiyo. Mwenye kiwanja huanza na vyumba viwili au vitatu vya uani, akavipangisha, na kodi yake ikanunua mabati ya nyumba kubwa. Mpangaji wa Mbezi basi huishi kwenye eneo la ujenzi kwa miaka, pamoja na lundo la mchanga mlangoni.

Bei hufuata umbali kutoka lami. Nyumba iliyo karibu na stendi ya mabasi au kwenye barabara ya Goba hugharimu zaidi, na kodi hushuka kadiri mtu anavyoingia ndani kuelekea Makabe, Msakuzi au Mpiji Magohe. Dalali akisema "dakika tano tu kutoka lami", anapima kwa bodaboda, tena isiyokutana na tope. Hapo ndipo hesabu ya wengi hukosewa. Mtu anayelipa bodaboda shilingi 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, kwa siku 26 za kazi, hutumia 52,000 kwa mwezi kabla hajapanda daladala. Ikiwa chumba cha ndani kimepungua bei kwa 40,000 kuliko kile cha barabarani, ameshapata hasara ya 12,000. Masika yakianza, bodaboda hupandisha bei au hukataa kabisa kushuka mabondeni.

Usafiri wa barabara kuu umebadilika sana. Mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na 2017 nyumba nyingi zilizokuwa kwenye hifadhi ya barabara kati ya Kimara na Kibaha zilivunjwa ili kupisha upanuzi. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilipohamia Mbezi kutoka Ubungo mwaka 2021, nyumba za wageni, fremu za maduka na vyumba vya kupanga vilivyo jirani nacho vilipata wateja wapya usiku na mchana. Hata hivyo, anayefanya kazi mjini hutoka alfajiri kabla foleni haijashika, na wengi humwona mtoto akiwa macho Jumapili tu.

Chumba hupatikana kwa dalali. Humchukua mteja kwa ada ndogo ya kumzungusha, na akipata, dalali hudai kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Mwenye nyumba kwa kawaida hutaka miezi sita mbele, wengine mwaka mzima. Kwa chumba cha 60,000, mpangaji huhitaji 360,000 za kodi na 60,000 za dalali, yaani 420,000 kabla hata godoro halijapanda kwenye kirikuu. Nairobi mambo ni tofauti: mpangaji hulipa mwezi kwa mwezi na kuweka amana. Tanzania ilikuwa na sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, lakini ilifutwa 2005, na tangu hapo mambo mengi hutegemea mkataba wenyewe. Ndiyo maana karatasi ile ya ukurasa mmoja inastahili kusomwa: tarehe ya kuanza na kumaliza, muda wa notisi, nani hutengeneza bomba likipasuka, na hatima ya kodi ya miezi iliyobaki mtu akihama mapema. Mengi hayo hayaandikwi. Mjumbe wa shina na ofisi ya serikali ya mtaa huletewa ugomvi wa kwanza, kwa kuwa ndiko mpangaji mpya hutakiwa kujitambulisha.

Umeme huzua ugomvi kuliko kodi yenyewe. Nyumba yenye wapangaji wanne na mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) huchangishana, na mwenye friji hutazamwa kwa jicho la pembeni. Mita ndogo kwa kila chumba hupunguza maneno. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye huilipa ingawa jengo si lake. Anayejua hilo huomba ipunguzwe kwenye kodi ya chumba, na asiyejua hubaki kushangaa uniti zake zimekwenda wapi.

Maji nayo yana vichekesho vyake. Bomba kubwa kutoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, hupita ukanda huu likielekea Kimara, lakini Mbezi ni vilima na mabonde, na nyumba ya juu inaweza kukaa na bomba kavu huku jirani wa bondeni akimwagilia mchicha. Kina cha Mto Ruvu kiliposhuka mwishoni mwa 2022, jiji liliingia kwenye mgao wa maji. Mpangaji mzoefu haulizi kama kuna maji. Huuliza simtanki ina lita ngapi, nani hulipia boza, na maji ya kisima yana chumvi kiasi gani. Kisha huchungulia madumu uani: yakiwa mengi na yamejazwa yote, jibu ameshalipata.

Baada ya miaka kadhaa, mpangaji wa Mbezi mara nyingi huwa amejichangia kupitia kikoba na kununua kiwanja mbele zaidi, Kibaha au ndani ya Kiluvya, ambako ardhi ni nafuu na lami iko mbali kuliko alikotoka. Hujenga vyumba viwili vya uani kwanza. Kimoja hulala yeye na familia, na cha pili hupata mpangaji kabla dari halijapigwa.