Istilahi za Minyororo ya Tela: Neno "Uwezo" Halitoshi

Miongoni mwa istilahi za ufundi zinazohitaji kuangaliwa kwa makini ni zile zinazohusu uvutaji wa tela. Neno "tela" lenyewe halina taabu. Limekwisha kuingia katika lugha, na mtu wa Unguja hulitofautisha mara moja na gari la ng'ombe au mkokoteni. Taabu imo katika ile minyororo miwili inayoning'inia baina ya gari na tela, ambayo kazi yake ni kulishika tela lisiende peke yake pindi kiungio kikuu kinapofunguka au kuvunjika.

Kwanza ni jina. Wengi husema "mnyororo wa usalama". Jina hili si baya, ila linaahidi mno, kana kwamba ukishaufunga mnyororo usalama umekwisha kupatikana. Sisi tunapendelea "mnyororo wa tahadhari", kwani ndivyo ulivyo: haufanyi kazi mpaka jambo limeharibika. "Mkufu" haufai, maana ni pambo la shingoni. "Silsila" nayo, ingawa asili yake katika Kiarabu ni mnyororo, kwetu imekwisha kuchukuliwa na nasaba za masharifu na za mashekhe wa tarika.

Lakini jina likikosewa, tela halidondoki. Neno la hatari ni "uwezo". Muuza duka husema mnyororo huu "una uwezo wa kilo kadha", naye mnunuzi huridhika, hali kuna vipimo viwili vilivyo mbali sana. Kimoja ni uzito ambao mnyororo ukiubeba hukatika. Cha pili ni uzito unaoruhusiwa kubebwa kila siku bila ya hofu, ambao kwa madaraja ya kawaida ya minyororo huwa ni robo tu ya kile cha kwanza. Tunapendekeza cha kwanza kiitwe "mzigo wa kukatikia" na cha pili "mzigo wa kazi", na neno "uwezo" lisitumiwe kabisa katika maandishi ya ufundi.

Tuchukue mfano. Minyororo hupangwa kwa madaraja, na nambari ya daraja mara nyingi hugongwa juu ya pete zenyewe. Daraja 30 maana yake ni kwamba kila milimita ya mraba ya chuma inatarajiwa kustahimili nyutoni 300 kabla ya kukatika. Daraja 70, nyutoni 700. Pete ina mbavu mbili zinazogawana mzigo. Basi mnyororo wa daraja 30 wenye unene wa milimita 6 hukatika kwa kiasi cha tani 1.7, na mzigo wake wa kazi haufiki kilo 450. Ukiwa na milimita 8, hukatikia kiasi cha tani 3. Unene huo huo katika daraja 70 hufika tani 7.

Kanuni inayofuatwa sana, Marekani ikiwa mfano mmoja, ni kwamba mzigo wa kukatikia wa kila mnyororo, si wa yote miwili pamoja, usipungue uzito kamili wa tela na shehena yake. Kwa tela la kilo 1,500, ule wa milimita 6 unapita kwa shida; wa milimita 5, unaokatikia kiasi cha tani 1.2, haupiti. Sisi tungechukua wa milimita 8, kwa sababu tela linapochomoka huuvuta mnyororo kwa mshtuko, na mshtuko huzidi uzito. Na fundi atakayesikia "uwezo tani 1.7" akautumia mnyororo huo kunyanyulia injini ya tani moja gereji, amekwisha kuupakia zaidi ya mara mbili ya mzigo wake wa kazi. Mnyororo usiogongwa nambari yoyote hauna daraja linalojulikana, hata ukiwa mnene.

Urefu nao una maneno yake. Atakaye kuuona aende Michenzani, kwenye kipilefti kilicho baina ya yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, atazame gari lenye tela likizunguka. Mnyororo wa upande wa nje hunyooka, wa ndani hulegea. Ule ulegevu unaouwezesha wa nje kunyooka bila ya kukazika tunauita "nafasi ya kukata kona". Ikipungua, kona hukata mnyororo; ikizidi, pete husugua lami na kulika. Minyororo hupishanishwa chini ya mkono wa tela, ili mkono ukianguka udakwe kama mtoto katika susu, usichimbe barabara.

Isichanganywe na "waya wa breki", ambao katika matela yenye breki zake kazi yake ni kuzikaza breki tela linapoachana na gari, kisha hukatika wenyewe. Waya huo umekusudiwa kukatika, mnyororo haukukusudiwa.

Imebaki kulabu. Baadhi ya mafundi huiita "huki", nasi hatuoni haja ya kugombana nao, maadamu iwe na kizuizi cha kuifunga mdomo, na mzigo wake wa kukatikia, pamoja na wa bolti inayoishikilia, usiwe chini ya ule wa mnyororo.