Manyoya ya mbwa nyumbani: Tatizo si unyoya wenyewe

Wanaofuga mbwa ndani ya nyumba wanaijua adha hii. Sebule hufagiliwa asubuhi, na kufikia saa kumi jioni manyoya yamerudi kwenye zulia, kwenye vitambaa vya makochi na kwenye nguo za kazini. Adha hiyo ingeishia kwenye ufagio kama si swali linalofuata, ambalo ndilo huwaleta watu kwa daktari: je, manyoya haya yanaweza kumletea mtoto pumu?

Hapa Boito, eneo la Konoin katika Kaunti ya Bomet, mbwa ni mlinzi wa boma na wa ng'ombe, na kwa desturi hulala nje. Hata hivyo, baridi ya mwezi wa Juni hadi Agosti inapozidi katika nyanda hizi za majani chai, mbwa wengi hujipenyeza jikoni na kulala kando ya moto. Mijini mambo ni tofauti. Ua ni mdogo au haupo kabisa, na mbwa hulala sebuleni au hata chumbani mwa watoto.

Mtoto akianza kukohoa usiku, jirani huwa na jibu tayari: ni mbwa, mtoeni. Wakati mwingine jirani husema kweli. Wakati mwingine mbwa hufukuzwa, nyumba ikabaki bila mlinzi, na mtoto akaendelea kukohoa kwa sababu chanzo kilikuwa kingine. Ni muhimu basi kujua jinsi ya kutofautisha hali hizi mbili kabla ya kuchukua hatua.

Kwa nini mbwa hupukutika?

Kila unyoya hukua, hupumzika kwa muda, kisha hung'oka ili kupisha mwingine. Katika nchi kama Uingereza, ambako urefu wa mchana hubadilika sana kati ya majira ya baridi na ya joto, mbwa wengi hupukutika sana mara mbili kwa mwaka. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima. Kwa hivyo usishangae mbwa wako akipukutika kidogo kidogo kila mwezi bila kupumzika.

Aina ya mbwa pia ina maana. German Shepherd na Labrador wana tabaka mbili: manyoya magumu ya juu na sufu laini chini yake. Sufu hiyo ndiyo hujaa kwenye zulia. Iwapo ngozi ya mbwa ni safi, anakula vizuri na ni mchangamfu, kupukutika huko si ugonjwa.

Ni ugonjwa pale manyoya yanaponyonyoka na kuacha mabaka ya upara, ngozi ikawa nyekundu au yenye ukurutu, mbwa akajikuna usiku na mchana, akakonda au akatoa harufu mbaya. Huenda ana viroboto, upele au choa. Upele wa mbwa husababishwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho. Mdudu huyo anaweza kumrukia binadamu na kumletea vipele vinavyowasha mikononi na tumboni, ingawa hawezi kuishi kwa muda mrefu kwenye ngozi ya mtu. Choa, ile mizunguko ya ukurutu inayotokea kichwani na mwilini mwa watoto, huambukizwa kwa urahisi zaidi. Watoto wawili wa nyumba moja wakipata mizunguko hiyo kwa wakati mmoja, mkague mbwa na hata paka.

Mbwa wa namna hii apelekwe kwa daktari wa mifugo. Usimwogeshe kwa dawa ya kuua kupe wa ng'ombe kwa kukisia kipimo, hasa ndani ya nyumba. Baadhi ya dawa hizo ni sumu kali kwa mbwa, kwa anayemwogesha na kwa mtoto atakayemkumbatia baadaye.

Kinachoudhi kifua

Wengi hudhani unyoya huingia puani, ukashuka hadi kwenye mapafu na kukwama huko. Sivyo. Unyoya ni mkubwa mno kufika huko. Pua na koo huuzuia. Kinachosumbua ni protini zinazotoka kwenye mate ya mbwa, kwenye chembechembe za ngozi yake na kwenye mkojo wake. Mbwa akijilamba, mate hukauka juu ya manyoya. Unyoya unapoanguka hubeba mate hayo pamoja na chembe za ngozi. Ukikanyagwa na kufagiliwa, chembe hizo hupeperuka. Zile ndogo zaidi huweza kuelea hewani kwa saa nyingi, na hizo ndizo hufika kwenye njia za hewa.

Kwa watu wengi chembe hizo hazina neno. Kwa mwenye mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, mwili huzichukulia kama adui. Pua hutiririka, macho huwasha, mtu hupiga chafya mfululizo. Akiwa na pumu, njia za hewa hubana na kifua hupiga mluzi.

Kuna mambo mawili yanayofuata kutokana na hayo. Kwanza, kiasi cha manyoya yanayoonekana sakafuni si kipimo cha hatari. Mbwa mwenye manyoya mafupi naye ana mate na ngozi. Wauzaji wa mbwa hudai kuwa aina fulani, kama Poodle, hazileti mzio. Watafiti wa Henry Ford Hospital mjini Detroit, Marekani, walipima vumbi katika nyumba 173 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011. Hawakupata tofauti ya maana kati ya nyumba zenye mbwa wa aina hizo na nyumba zenye mbwa wengine. Usilipe pesa nyingi kwa ahadi hiyo.

Pili, chembe hizi hunata kwenye nguo na kusafiri. Hupatikana madarasani, kwenye matatu na katika nyumba ambazo hazijawahi kuwa na mbwa.

Unyoya ukimezwa

Wazazi huogopa pia mtoto akimeza unyoya uliodondoka kwenye uji. Unyoya wenyewe hupita tumboni na kutoka na choo. Cha kuangaliwa ni kile kinachoweza kuwa kimenata juu yake, yaani mayai ya minyoo.

Kuna tegu mdogo anayeishi ndani ya utumbo wa mbwa. Mbwa humpata kwa kula ini au mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe aliyeambukizwa. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa na kunata kwenye manyoya yake. Mtu akimshika mbwa kisha akala bila kunawa, mayai hayo huingia mwilini na kuota mafuko ya maji, mara nyingi kwenye ini au mapafu. Mafuko hayo hukua polepole kwa miaka bila maumivu, na mengine huhitaji upasuaji. Huu ndio ugonjwa wa haidatidi, ambao umewasumbua sana watu wa Turkana. Shirika la AMREF lilianzisha mradi wa kupambana nao huko mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kinga yake si ngumu. Usimtupie mbwa ini, mapafu au matumbo mabichi siku ya kuchinja. Yachemshe kabisa au uyafukie mahali asipoweza kuyafukua. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba utakayopewa na daktari wa mifugo. Wafundishe watoto kunawa mikono kwa sabuni baada ya kucheza na mbwa, na wasikubali kulambwa mdomoni.

Ni mbwa au ni moshi?

Kabla ya kumhukumu mbwa, chunguza nyumba yenyewe. Katika nyanda zetu baridi, madirisha hufungwa, jiko la makaa huletwa sebuleni, na kuni hupikiwa katika chumba kisicho na bomba la moshi. Moshi huo huudhi mapafu ya kila mtu, mwenye mzio na asiye nao. Mvua nyingi huleta unyevu na ukungu kwenye kuta. Magodoro na blanketi nzito hufuga utitiri wa vumbi, ambao ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mzio duniani. Mjini ongeza dawa za kunyunyiza mbu, sigara na moshi wa magari.

Fanya hivi: kwa majuma mawili andika kwenye daftari kila mara dalili zinapotokea, saa, mahali na kilichokuwa kikifanyika. Mtoto anayepiga chafya dakika chache baada ya kumkumbatia mbwa, na akapata nafuu anapokaa kwa shangazi asiye na mbwa, anaelekeza kidole kwa mbwa. Anayekohoa zaidi jioni wakati wa kupika anaelekeza kwenye moshi. Anayeamka na pua iliyoziba kila asubuhi huenda anasumbuliwa na utitiri wa kitandani. Mlete daftari hilo kwa daktari. Hospitali kubwa zinaweza pia kupima mzio kwa kudunga ngozi kidogo au kwa kipimo cha damu.

Utapunguzaje manyoya na chembe zake?

Hatua hizi husaidia kila nyumba yenye mbwa, na ni za lazima kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu:

1. Mbwa asiingie chumba cha kulala, hata mchana. Mtoto hupitisha karibu theluthi ya siku humo. Ikiwa kuna hatua moja tu utakayochukua, iwe hii.

2. Mpige mbwa brashi nje ya nyumba kila siku au mara tatu kwa juma. Kazi hiyo ifanywe na mtu asiye na mzio, naye abadilishe nguo baadaye.

3. Acha kufagia kukavu, kwani ufagio hurusha chembe hewani. Piga deki kwa tambara bichi. Glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo na kupitishwa kwenye kochi hukusanya manyoya kwa wepesi.

4. Ondoa zulia chumbani mwa mgonjwa. Vitambaa vya makochi na mashuka vifuliwe kila juma, kwa maji moto inapowezekana.

5. Mwogeshe mbwa kwa sabuni ya mbwa. Sabuni ya kufulia hukausha ngozi na kuongeza kupukutika. Kuoga hupunguza chembe kwa siku chache tu, kwa hivyo ili kuleta nafuu ya maana huhitaji kurudiwa mara mbili kwa juma. Mahali penye baridi, mwogeshe jua likiwa kali na umkaushe.

6. Fungua madirisha kila siku, na jiko la makaa likae nje.

Mbwa aondoke?

Ikiwa daktari amethibitisha mzio wa mbwa na pumu haitulii licha ya dawa na hatua hizi, basi mbwa ahamie nje kabisa au apewe makao mengine. Usitarajie muujiza wa wiki moja. Chembe hubaki kwenye makochi, magodoro na kuta kwa miezi, na huhitaji usafi wa kina.

Lakini usimfukuze mbwa kwa hofu tu, kabla hata mtoto hajaugua. Watafiti wa Sweden waliofuatilia kumbukumbu za watoto zaidi ya 600,000 walichapisha mwaka 2015 kwamba waliozaliwa katika nyumba zenye mbwa walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata pumu wafikapo umri wa kwenda shule, kwa takriban asilimia 13. Hii haimaanishi ununue mbwa kama dawa, na haimsaidii mtoto ambaye tayari ana mzio. Inaonyesha tu kwamba mbwa si adui wa kila mtoto.

Hata mbwa akiondoka, mgonjwa wa pumu asiache dawa zake bila ushauri. Dawa ya kuvuta ya kuzuia uvimbe wa njia za hewa hutumiwa kila siku kama ilivyoagizwa, hata anapojisikia mzima. Ile ya kufungua kifua pekee haitoshi. Mtoto mdogo huhitaji chombo cha kuvutia dawa. Kikikosekana, chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu linalokaza mdomo wa pampu, hufanya kazi hiyo vizuri. Watafiti wa Cape Town walithibitisha hilo mwaka 1999. Mwombe daktari au muuguzi akuonyeshe jinsi ya kuitumia.

Mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja ukiona anashindwa kumaliza sentensi au kunyonya, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, midomo inageuka rangi ya buluu, anasinzia isivyo kawaida, au dawa ya kufungua kifua haimpi nafuu. Endelea kumpa dawa hiyo njiani kama ulivyoelekezwa. Usingoje kukuche, na usipoteze muda kumtafuta mbwa wa kumlaumu.