Vioo vya Rangi Kilimani Gisozi

Apandaye kilima cha Gisozi, mjini Kigali, kuzuru Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, hukuta humo jambo asilolitazamia: madirisha mawili ya vioo vya rangi, mfano wa yale ya makanisani. Makumbusho hayo yalifunguliwa Aprili 2004, na katika viwanja vyake wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Madirisha ni kazi ya msanii Ardyn Halter, ambaye baba yake, Roman Halter, Myahudi wa Poland, alinusurika katika kambi ya Auschwitz. La kwanza lahusu mauaji. La pili lahusu njia ya kutoka gizani.

Sanaa yenyewe ni kongwe, na monasteri za Ulaya ziliilea. Katika karne ya 12 mtawa aliyejiita Theophilus aliiandikia maelezo. Mchanga na majivu ya mti huyeyushwa tanuruni hata viwe kioo. Vipande hukatwa kwa kuufuata mchoro, nyuso na mikunjo ya nguo huchorwa kwa rangi nyeusi, kisha vipande hurudishwa motoni ili mchoro ushike. Mwishowe huunganishwa kwa mikanda ya risasi. Naam, madini yale yale ambayo askari anayajua kwa kazi nyingine. Hata hivyo, si watawa wote walioupenda urembo huo. Wasistersia, katika karne hiyo hiyo, waliamuru madirisha yao yawe meupe, yasiyo na picha.

Lakini kutumia sanaa ya kanisa mahali kama Gisozi si jambo jepesi. Mwaka 1994 maelfu walikimbilia makanisani wakitumaini kupona, wakauawa humo humo. Huko Nyamata, paa la bati la kanisa lilitobolewa kwa risasi na mabomu, na mwanga wa jua hupenya katika matundu hayo. Huko Sovu palikuwa na konventi ya Wabenedikto. Watawa wawili wa huko walihukumiwa kifungo nchini Ubelgiji mwaka 2001 kwa kushiriki katika mauaji. Kwa maoni yetu, msanii alithubutu, na alifanya vema: mwanga haukuwa mali ya waliousaliti.

Mzazi aendaye na watoto asiwapitishe mbio mbele ya madirisha hayo. Mtoto ambaye bado hajui kusoma maandishi ya ukutani ataziona rangi, naye atauliza. Aanze kujibiwa hapo.