Je, Wajua? Irabu "Fupi" ya Kiingereza Huweza Kuwa Ndefu

Darasani tunaambiwa irabu ya "beat" ni ndefu na ya "bad" ni fupi. Ukizirekodi na kuzipima, kwa kawaida ya "bad" ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi! Sababu mojawapo ni konsonanti inayofuata: t, p na k huikata irabu iliyotangulia, ilhali d, b na g huiacha ivutike. Hata "bead" na "beat", ambazo vitabu vinaziweka kundi moja, hazilingani kwa urefu.

Kinachotenganisha "ship" (meli) na "sheep" (kondoo), basi, ni ulimi kuliko saa. Kwenye "sheep" ulimi hupanda juu na mbele, karibu sawa na i ya "siri". Kwenye "ship" hushuka kidogo na kulegea, sauti ikaangukia kati ya i na e yetu. Kiswahili chenye irabu tano hakina pa kuiweka sauti hiyo, ndiyo maana "team" ikawa timu na "chips" zikawa chipsi, kwa i ileile. Mtu akiikata i ya Kiswahili haraka haraka ili apate meli, Mwingereza bado anaweza kusikia kondoo.

Aliyehangaika na urefu wa irabu kuliko wengi ni mtawa mmoja wa Uingereza wa karne ya 12, jina lake Orm. Alitunga mahubiri kwa mizani ya ushairi ili yasomwe kwa sauti mbele ya waumini, na hakutaka msomaji ababaike. Penye irabu fupi katika silabi iliyofungwa, akarudufu konsonanti: "and" akaiandika "annd", na "English" ikawa "Ennglissh". Kitabu akakiita Ormulum, kwa jina lake mwenyewe (unyenyekevu wa kitawa una mipaka yake). Humo aliwasihi wanakili waandike herufi mbili kila alipoandika mbili. Imebaki nakala moja tu, ya mkono wake, katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford. Kwa wachunguzi wa lugha, ukaidi wake ni hazina: unaonyesha irabu zipi zilikuwa fupi wakati ule.

Na ile e ya mwisho isiyotamkwa, tunayoambiwa huonyesha irabu ndefu? Katika mashairi ya Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, "name" ilisomeka karibu na "naa-me". Baadaye e ikanyamaza na irabu ndefu zikahama kinywani. Uhamaji huo ulikuwa bado unaendelea William Caxton alipoleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda kabla sauti hazijatulia. Mtoto wa Tanga anayeisoma "na-me" amechelewa miaka 600 tu.

E ya "have" na "give" haihusiani kabisa na urefu. Desturi ya waandishi wa Kiingereza ilikuwa kutoacha neno liishie kwa v, wakaipachika e hapo kama kizibo.