Asali ya nyuki wadogo: Wepesi wake si dalili ya kuchakachuliwa

MNUNUZI wa Mwanza akidondosha tone la asali kwenye karatasi na kuona limelowesha upande wa pili, huirudisha chupa akiamini imetiwa maji. Kwa asali ya nyuki wadogo wasiouma, kipimo hicho humwonea muuzaji mwaminifu.

Nyuki hao, ambao asiyewazoea anaweza kudhani ni sisimizi wenye mabawa, huishi kwenye mashimo ya miti, nyufa za kuta na vichuguu. Asali huiweka katika vijungu vya nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, si kwenye masega. (Asali ya sisimizi wenyewe ipo, lakini ni ya huko Australia na Mexico.)

Kwa asili, asali hii mara nyingi huwa na maji asilimia 25 hadi 35, tena ina uchachu. Kiwango cha kimataifa cha Codex kilichorekebishwa mwaka 2001 kinataka maji yasizidi asilimia 20, lakini kilitungwa kwa kufuata asali ya nyuki wakubwa. Malaysia iliweka kiwango chake mwaka 2017, kinachoruhusu hadi asilimia 35.

Uchunguzi wa maabara, ukiwamo uliofanyika Kenya, umekuta baadhi ya asali hizo zina fenoli na flavonoidi nyingi kuliko asali ya kawaida. Hizo ni antioksidanti, yaani kemikali zinazopunguza uharibifu wa chembe hai. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walieleza kuwa asali za aina hiyo walizopima zina trehalulozi kwa wingi, sukari inayoingia kwenye damu taratibu. Hata hivyo, anayeandika kwenye chupa kuwa inatibu kisukari anamdanganya mgonjwa.

Adui mkubwa wa mfanyabiashara ni kuchacha. Maji hayo huipa hamira nafasi ya kufanya kazi, na chupa ikikaa juani kwenye meza ya sokoni hutoa povu na kufumua kifuniko. Asali ivutwe kwenye vijungu kwa bomba safi la sindano badala ya kukamuliwa pamoja na chavua na majana, ifungashwe katika chupa ndogo kavu na kuwekwa kwenye jokofu. Kuichanganya na asali ya nyuki wakubwa ili iwe nzito ni kuua bei yake.

Lebo itaje nyuki wadogo na tarehe ya kurina. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali yoyote.